Je, Yafaa Kumzika Mama Bila Kumwosha?

Swali hili halikutungwa na watu wapendao mabishano. Lilizaliwa katika nyumba za msiba. Mwezi wa Agosti 2019 homa ya Ebola, iliyokuwa ikiua watu katika Kivu ya Kaskazini na Ituri tangu mwaka uliotangulia, ilifika Mwenga, nchi ya milima na dhahabu iliyo kusini-magharibi ya Bukavu. Iliingia pamoja na watu waliosafiri kutoka Beni. Hofu ikashuka mpaka mjini. Kisha chanjo ikaletwa, waliokutana na wagonjwa wakatafutwa nyumba kwa nyumba, na ugonjwa ukazimwa kabla wagonjwa wa Mwenga hawajafika kumi. Hofu nayo ikaisha. Swali lakini halikuisha, kwa maana kipindupindu kipo kila mwaka kandokando ya ziwa Kivu na ziwa Tanganyika, na Ebola yenyewe ilirudi Kongo tena na tena, kama ilivyoonekana Bulape, katika Kasai, mwezi wa Septemba 2025.

Na ichukuliwe familia moja, kwa mfano tu, katika vilima vya Kadutu, mahali ambapo nyumba zimebanana hata ukuta wa mmoja ni ukuta wa jirani. Mama wa nyumba amekufa usiku. Dada zake wamekwisha kuchemsha maji, wametoa sabuni na kitenge ambacho marehemu alikihifadhi sandukuni kwa ajili ya siku hiyo. Ndipo waja watu wanne, wamevaa nguo nyeupe toka utosini mpaka nyayoni, na macho yao tu yaonekana nyuma ya kioo. Wasema: Asiguswe. Mtoto wa kwanza wa marehemu ni mkatekumeni. Amebakiza miezi michache tu apate Ubatizo. Katika mafundisho amejifunza kwamba kuzika wafu ni mojawapo ya matendo saba ya huruma ya mwili. Amejifunza pia amri ya nne, inayomwagiza kuwaheshimu baba na mama. Na sasa aambiwa kwamba akimheshimu mama yake kwa namna ile aliyoijua tangu utoto, heshima hiyo itaua watu. Atajibuje moyo wake? Na shangazi zake, ambao wamekwisha kukasirika, atawajibuje?

Kwanza na asikike mwenyewe, kwa sababu hoja yake si ndogo. Huenda akamkumbuka Tobiti wa Agano la Kale. Mtu yule aliwazika ndugu zake wa Israeli waliouawa, ingawa mfalme alikasirika, ingawa jirani walimcheka, na ingawa alinyang'anywa mali yake yote kwa ajili ya tendo hilo. Aliacha hata chakula cha sikukuu mezani, akaenda kumchukua maiti barabarani. Basi mkatekumeni aweza kusema: Tobiti hakuwasikiliza wakubwa; kwa nini mimi niwasikilize hawa wenye nguo nyeupe?

Hoja hiyo yastahili jibu la kweli. Mfalme wa Tobiti alitaka maiti zitupwe bila kaburi, zipate aibu. Alikataza maziko yenyewe. Wale wanne waliokuja Kadutu hawakatazi maziko, wamekuja kuzika. Wanachokataza ni jambo moja katika maziko, nalo ni mkono mtupu juu ya mwili. Hivyo ugomvi si kati ya huruma na amri ya wakubwa. Shida yote imo ndani ya huruma yenyewe: je, kuosha ni huruma, au ni ishara ya huruma?

Ishara ni kitu kikubwa, wala asiidharau mtu. Mama aliyemwosha mtoto siku alipozaliwa aoshwa na mtoto siku anapokufa. Hakuna neno linaloweza kusema jambo hilo vizuri zaidi kuliko maji na sabuni. Mtu wa mbali anayeyaita mambo hayo desturi za ushenzi hajui asemalo. Lakini ishara yaweza kugeuka. Mkate ni ishara ya ukarimu, ila mwenye kumpa mgeni mkate anaojua kuwa una sumu hakumkirimu, hata akimpa kwa mikono miwili na kwa tabasamu. Neno zito hapo ni hilo la kujua. Asiyejua hana hatia, bali anayejua amekwisha kubadilika. Hawezi tena kurudi katika kutojua kwake kwa sababu ya machozi.

Na ni kitu gani kinachojulikana? Kirusi cha Ebola hakiruki hewani kama vumbi. Chakaa katika damu, matapishi, kinyesi, jasho na maji mengine yote ya mwili wa mgonjwa. Mgonjwa anapozidi kudhoofika, nacho chazidi kuwa kingi. Na saa ya kufa ndiyo saa kilipo kingi kuliko zote, hata juu ya ngozi. Hivyo mwili wa marehemu ni wa hatari kuliko mwili wake alipokuwa akitembea na kusema. Anayeuosha hugusa yote hayo, kisha hujipangusa machozi kwa mkono uleule. Siku chache zapita, pengine mbili, pengine hata 21, naye aanza kuumwa. Anayemwuguza ni dada yake au binti yake. Mlolongo huo wa mauti umeonekana mara nyingi mno hata hakuna nafasi ya kuuita maneno ya wageni.

Kipindupindu chafuata njia nyingine, lakini kwa upande wa maziko chafanana. Kakaa katika kinyesi na matapishi; anayeosha maiti na kufua mashuka yake, kisha akaenda kukanda ugali wa matanga, aweza kuwapa waombolezaji wote ugonjwa katika sahani. Walikuja kulia, warudi nyumbani na mauti.

Hapa yafaa kueleza habari moja ambayo ni chungu kwa Wakristo, nayo isifichwe. Ugonjwa wa Ebola ulipojulikana kwa mara ya kwanza katika Kongo, mwaka 1976, haukujulikana katika nyumba ya mganga wa kienyeji, wala katika kambi ya askari. Ulijulikana Yambuku, katika hospitali ya misioni ya Kikatoliki, kaskazini ya nchi. Masista wa Ubelgiji walifanya kazi pale kwa moyo, na watu walikuja kutoka vijiji vya mbali kwa sababu walizisifu sindano zao. Lakini kila asubuhi zilitolewa sindano tano tu kwa wagonjwa wa siku nzima. Baada ya kumchoma mmoja, sindano ilisuuzwa kwa maji ya moto kidogo, kisha ikamchoma mwingine. Hakuna aliyekusudia ubaya. Hata hivyo kirusi kilipita katika sindano zile kutoka mwili mmoja mpaka mwingine, na kutoka hospitali mpaka vijijini, na huko vijijini maziko yakamaliza kazi. Watu 318 waliugua, na 280 kati yao walikufa, pamoja na masista wenyewe na wengi wa wauguzi.

Yambuku yafundisha nini? Wako wasemao: Yafundisha kwamba hospitali ni mbaya. Huo ni uvivu wa akili. Yafundisha kwamba moyo mwema hautoshi. Masista wa Yambuku walikuwa na mapendo kuliko wengi watakaosoma habari hii, na mapendo hayo, yakikosa maarifa na vifaa, yaliwabebea watu ugonjwa. Kama jambo hilo liliweza kuwapata wale walioacha nchi yao na jamaa zao kwa ajili ya wagonjwa, basi asishangae dada wa Kadutu akiambiwa kwamba mkono wake mwema waweza kudhuru. Haambiwi kwamba yeye ni mbaya. Aambiwa jambo ambalo hata masista walilipata kwa kufa.

Mwaka huohuo wa 1976 daktari mmoja kijana Mkongo, Jean-Jacques Muyembe, alitumwa Yambuku kuchunguza. Aliwagusa wagonjwa kwa mikono mitupu, akawatoa damu, na damu ikamchuruzikia vidoleni. Akanawa kwa maji na sabuni, wala hakuugua. Miaka 43 baadaye, mwezi wa Julai 2019, mtu huyohuyo, sasa profesa mwenye mvi, alikabidhiwa kuongoza vita dhidi ya Ebola ya mashariki. Hata hivyo hakuwaambia watu: Guseni, kwa kuwa mimi niligusa nikapona. Aliyeponea chupuchupu katika maporomoko ya mto hawi hoja ya kuwaambia watoto waogelee pale.

Sasa yaja hoja iliyo na nguvu kuliko zote, na watu wema ndio huisema. Shangazi wa marehemu asema: Najua kwamba nitaambukizwa. Nife tu. Afadhali nife pamoja na dada yangu kuliko kumwacha aende kaburini kama mzigo. Na je, Kanisa halisifu wale waliokufa kwa ajili ya wagonjwa?

Kweli lawasifu. Padri Damiani, Mbelgiji, aliingia Molokai mwaka 1873 kuishi na wakoma, akashikwa na ukoma akafa kati yao mwaka 1889. Alitangazwa mtakatifu mwaka 2009. Huko Kikwit, mwaka 1995, masista sita Waitaliano wa shirika la Bergamo waliwauguza wagonjwa wa ugonjwa wa kuharisha damu, ambao jina lake halikujulikana bado. Ilikuwa Ebola. Waliuguzana wao kwa wao, wakafuatana kaburini, wote sita. Katika mji ule waliugua watu 315, na wanane katika kila kumi walikufa. Nani atathubutu kusema kwamba masista wale walikosea?

Basi, kati ya Damiani na shangazi yule kuna tofauti gani? Si katika ukubwa wa mapendo. Mungu peke yake ayapima. Tofauti ni hii: uhai gani unatolewa. Damiani alitoa uhai wake. Alikaa na wakoma mpaka mwisho, hakuubeba ukoma akaupeleka kwa watoto wa watu wengine. Masista wa Kikwit hawakujua ni ugonjwa gani. Lakini shangazi, akimaliza kumwosha dada yake, atarudi nyumbani. Nyumbani kuna wajukuu. Jioni atakaa jikoni, kesho atakwenda soko la Kadutu, ambako watu hupita mabega yakisuguana. Asema kwamba atoa uhai wake, na kumbe atoa pia uhai wa mtoto wa jirani ambaye hakuulizwa. Mtu aweza kuwa mkarimu kwa kilicho chake. Akigawa kilicho cha mwenzake, hata akigawa huku analia, jina lake si ukarimu. Amri ya tano, inayokataza kuua, haikuweka kando wale wauao kwa huzuni.

Kuna pia wasemao kwamba Mungu atawalinda watendao mema. Hao wakumbuke kwamba Bwana Yesu, alipopelekwa juu ya mnara wa hekalu na kuambiwa ajitupe ili malaika wamdake, alikataa. Aliita jambo hilo kumjaribu Mungu. Na alipomgusa mwenye ukoma, jambo ambalo watu wote hulikumbuka, alimwambia vilevile aende akajionyeshe kwa kuhani, kama sheria ilivyotaka. Sehemu hiyo ya pili hukumbukwa na wachache. Kuhani wa zamani ndiye aliyekuwa mlinzi wa afya ya kambi: alitazama ngozi, akapima siku, akaamua nani akae nje na nani arudi. Kuzuia ugonjwa usipite ni jambo la kale katika Biblia, halikuletwa na shirika lolote la siku hizi.

Habari ya uchawi na sumu haina haja ya maneno mengi. Anayemshitaki jirani kwamba amemroga marehemu amekwisha kupata maiti wa pili.

Lakini kuna malalamiko mengine ambayo si upumbavu hata kidogo, nayo ndiyo yaliyozuia watu kusikia. Ugonjwa ulipoanza rasmi tarehe 1 Agosti 2018, watu wa Beni walikuwa wamekwisha kuzika jamaa zao waliochinjwa kwa mapanga kwa miaka karibu minne. Hakuna aliyekuja na magari mengi wakati ule. Ilipokuja Ebola, magari yakajaa barabara. Watu wakauliza: Kwa nini wanaogopa ugonjwa huu wetu, na vifo vingine hawavioni? Tena katika mwaka huohuo wa 2019 surua ilienea Kongo nzima, na mwanzo wa 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba imekwisha kuua watu zaidi ya 6,000, walio wengi wakiwa watoto wadogo. Ebola yote, mpaka ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, iliua watu 2,287 katika wagonjwa 3,470. Surua ina chanjo ya zamani, yenye bei ndogo. Mama aliyempoteza mtoto kwa surua, kisha akaona fedha za dunia zikipita mlangoni pake kuelekea nyumba ya Ebola, ana haki ya kuuliza kama apendwa yeye, au kama waogopa tu ugonjwa usipande ndege ufike kwao.

Na mabaya zaidi yalijulikana baadaye. Mwezi wa Septemba 2021 tume huru ilitoa habari ya baadhi ya wafanyakazi wa msaada, wengine wa Shirika la Afya Duniani lenyewe, waliotumia kazi zao kuwadhulumu wanawake na wasichana wa Kivu ya Kaskazini na Ituri. Shirika liliomba msamaha. Wanaotangaza afya na kutenda hayo wawavunjia njia wenzao walio waaminifu, na damu ya wale waliokataa dawa kwa kutowaamini, sehemu yake i juu yao.

Je, malalamiko hayo yamfungulia mtu wajibu wake? Hapa sharti akili itulie. Kama mpiga mbiu ni mwizi, moto anaoutangaza bado wateketeza. Kosa la shirika halimpunguzii mtoto wa jirani hatari hata kidogo. Dhuluma yapaswa kudaiwa mahali pake, kwa sauti, na kwa wale waliotenda. Kuidai kwa kuwapiga wauguzi ni kudai deni kwa asiyedaiwa. Ijumaa Kuu ya mwaka 2019, tarehe 19 Aprili, daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, alipigwa risasi akafa Butembo, katika hospitali alimokuwa akikutana na wenzake. Alikuwa ameacha watu wake kwao ili aje kuwahudumia wasio wake. Siku ile hakuna surua iliyopona, wala haki ya Beni haikuongezeka.

Yapaswa kusemwa pia kwamba mashirika yalijifunza, na yalijifunza kwa sababu watu wa kawaida walikataa. Hapo mwanzo, katika magonjwa ya miaka ya nyuma, maiti zilifungwa na kupelekwa, na familia haikuona kitu. Watu walisema kwamba gunia ni tupu, au kwamba viungo vimeuzwa. Na mtu aliyefichwa mambo atasema nini kingine? Baadaye yakawekwa maagizo mapya ya maziko salama na yenye heshima, nayo makundi ya Msalaba Mwekundu, ambao wengi wao ni vijana wa palepale, yakafundishwa kuketi kwanza na familia kabla ya kuvaa zile nguo nyeupe. Kadhalika kwa wagonjwa walio hai kulitengenezwa vyumba vya plastiki angavu, ambavyo mgonjwa hulala ndani na jamaa zake humwona, husema naye, wakimtazama uso kwa uso. Mikono ya muuguzi hupita katika glavu ndefu zilizoshonwa ukutani. Chumba hicho kimefanya kazi ambayo hotuba nyingi hazikuifanya.

Na huko Beni kulikuwa na jambo jingine zuri kuliko yote. Watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wagonjwa hawakuweza kubebwa na mtu yeyote, kwa maana huenda nao walikuwa na ugonjwa. Mtoto wa miezi mitatu asiyebebwa hufa kwa namna nyingine. Basi wakatafutwa wanawake na wanaume waliougua Ebola wakapona, ambao miili yao imekwisha kuwa na kinga. Hao waliwabeba, wakawalisha, wakawaimbia. Watu zaidi ya elfu moja walipona katika ugonjwa ule, na wengi wao walirudi vijijini wakakuta jirani wanawaogopa. Mikono iliyoogopwa ndiyo iliyokuwa mikono pekee inayoruhusiwa kugusa.

Mkazi wa Bukavu aweza kusema kwamba mambo haya ni ya Beni na Butembo, na kwamba yeye hajawahi kuona nguo nyeupe mlangoni pake. Na atazame basi mteremko anaokaa. Bukavu ilijengwa juu ya vilima kwa ajili ya watu wachache. Leo waishi humo watu mamia ya maelfu, na wengi wao wamekimbia vita vya vijijini. Aliye juu amwaga maji machafu, nayo yashuka. Choo chake, mvua ikinyesha, chajaa na kushuka. Aliye chini achota maji bondeni, kwa sababu bomba la mtaa halikutoa maji tangu juzi. Aliye juu hamjui aliye chini kwa jina. Hakumkosea neno lolote. Jumapili hupeana naye amani kanisani kwa mkono, kisha Jumatatu humpelekea kipindupindu kwa mfereji. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walipojaa Goma, juu ya miamba ya volkano isiyochimbika choo wala kaburi, watu karibu 50,000 walikufa katika mwezi mmoja wa kwanza, na sehemu kubwa kwa kipindupindu na kuhara damu. Hakuna aliyewachinja pale. Ni maji tu. Na dawa ya kwanza ya kipindupindu si ngumu: ni maji safi yenye chumvi na sukari kwa kipimo, anyweshwe mgonjwa mara moja na mfululizo, huku akipelekwa kituo cha afya. Wengi waliokufa kwa ugonjwa huo walikufa kwa kiu, na kwa sababu waliosimama karibu walichelewa kwa aibu.

Aibu yastahili kutajwa, kwa kuwa ndiyo rafiki mkubwa wa magonjwa. Tangu mwaka 2023 ugonjwa wa mpoksi, wenye vidonda vya ngozi, ulienea kutoka Kamituga, mji wa wachimba dhahabu katika nchi hiyohiyo ya Mwenga, nao ulikuwa wa tawi jipya la kirusi ambalo halikujulikana kabla. Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani liliutangaza kuwa jambo la hatari kwa dunia yote, na tangazo hilo likadumu mpaka Septemba 2025. Ulipita kwa kugusana, na kwa wakubwa ulipita sana kwa njia ya uzinzi. Kwa hiyo wengi walificha vidonda vyao. Wakristo wengine wakasema: Ni adhabu yao. Kisha watoto wao wakaugua kwa kulala kitanda kimoja na wazazi, na neno lile la adhabu likawa gumu kulitamka. Mwenye kumcheka mgonjwa amfundisha mgonjwa kujificha, na aliyejificha aambukiza. Kicheko hicho, kama kikipimwa vizuri, si dhambi ya ulimi tu.

Turudi Kadutu, kwa ile familia ya mfano, maana maji ya shangazi bado yachemka na wale wanne bado wamesimama nje. Mkatekumeni aweza kufanya mambo mengi. Aweza kuwaomba wavue kwanza vifuniko vya uso, wakiwa mbali na maiti, waseme majina yao na kwao ni wapi. Aweza kuomba kwamba mtu mmoja wa familia avikwe nguo zile na kuwapo. Aweza kuuliza kama uso wa mama utaonekana kabla ya mfuko kufungwa. Aweza kuomba kitenge cha sandukuni kiwekwe juu yake, na rozari yake pia, nazo zisirudi. Wanaume wa ukoo waweza kuchimba kaburi wenyewe, mahali pa ukoo. Katekista au padri aweza kusali kwa sauti akisimama hatua chache mbali. Sala haihitaji kugusa. Wakati wa tauni ya Milano, mwaka 1576, Askofu mkuu Karoli Boromeo alisimamisha altare barabarani ili watu waliofungiwa nyumbani waone Misa kutoka madirishani, wala hakuna aliyesema kwamba Misa ile ilikuwa pungufu.

Shangazi apewe kazi, asiachwe amekaa bure na maji yake. Maji yaliyochemka yafaa: watu wote wanawe kwa sabuni. Yeye ndiye ajuaye majina ya wote waliomwuguza marehemu, waliokula naye, waliolala naye, na mwalimu wa shule aliyemtembelea Alhamisi. Daktari hawezi kujua hayo hata akiwa na vitabu vyote. Akiyataja majina yale bila kuficha hata moja, amewaosha wengi.

Yabaki siku 21 ambazo wale wa nyumba hiyo watapimwa joto asubuhi na jioni, wasisafiri, wasiende sokoni. Hapo ndipo jirani hupimwa nao. Familia inayoishi kwa kuuza ndizi na makaa haiwezi kukaa siku 21 bila kula. Ikiona njaa itatoroka usiku kwenda kwa ndugu huko Kabare au Walungu, na ugonjwa utatoroka pamoja nayo. Shirika likileta unga, vema. Lisipoleta, au likichelewa kwa sababu barabara imefungwa na askari, basi jumuiya ya mtaa igawane zamu: leo nyumba hii, kesho ile. Chakula kiwekwe juu ya jiwe mbele ya mlango, mwenye kukileta arudi nyuma hatua chache, aite kwa jina, angoje mpaka mtu atoke na kukichukua, naye aongee nao habari za siku nzima kutoka pale aliposimama. Sahani zisirudishwe kwanza. Zibaki humo ndani mpaka siku zitimie, kisha zioshwe kwa maji ya moto na sabuni.